Saumu Iliyovumbikwa Majivuni

Boay alikuwa ananuka saumu.

Veneranda alisimama mlangoni pa chumba cha mumewe, barakoa ingali mkononi, akavuta pumzi tena ili awe na hakika. Hakuwa amekosea. Nje ya zahanati harufu hiyo isingemshtua mtu. Hili lilikuwa bonde la Gidamar, ambako saumu huanikwa mpaka kwenye ua wa kanisa, na bwana harusi hunuka saumu hata akioga kwa sabuni ya dukani. Lakini humu wodini saumu ilikuwa na zamu yake. Mgonjwa hakutakiwa kunuka siku ya kwanza wala ya pili. Alitakiwa kunuka siku ya tatu, baada ya dripu, na siku hiyo ndugu zake hujipanga dirishani kumngoja muuguzi atoke aseme "ananuka", ndipo vigelegele vianze. Boay alikuwa katika siku ya pili. Dripu yake ilikuwa bado kwenye friji, haijafunguliwa.

Alivaa barakoa akaingia.

"Umeamkaje, baba Basila?"

"Salama. Kifua chepesi leo, kama mtu kaniondolea gunia." Alijaribu kukaa, akashindwa, akacheka. "Ila mgongo unaniuma. Mbona unanitazama hivyo, nimeiba?"

"Umekojoa?"

"Loo! Wenzangu wake zao huwasalimia kwanza."

"Nimeshakusalimia. Kopo liko wapi?"

Alinyoosha kidole chini ya kitanda. Veneranda aliinama akafunua kopo. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyolala jikoni. Alirudisha kifuniko polepole.

Alijua maana ya rangi ile. Yeye ndiye aliyekuwa mkemia wa zahanati, na yeye ndiye aliyewafundisha wauguzi wote, mmoja baada ya mwingine, akiwa ameshika punje ya saumu mbele ya pua zao. "Nuseni," alikuwa akiwaambia. "Hainuki. Ndani yake kuna kitu kinaitwa alini. Kimelala tu, hakimdhuru hata sisimizi. Na pembeni yake, nyuma ya ukuta mwembamba, kuna kimeng'enya. Sasa tazameni." Kisha huiponda punje kwa kisu, na chumba kizima hujaa ule ukali. "Ukuta umevunjika. Vimekutana, na hapo ndipo imezaliwa alisini. Hiyo inaua bakteria. Inachoma na chembe za damu vilevile, haichagui. Na haidumu. Ukiimeza inaishia njiani, mapafuni haifiki."

Ndipo wakabuni mnaso. Antibiotiki zote zilipokwisha makali na wingu, ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza, ukaanza kumeza vijiji, wataalamu walikichukua kimeng'enya cha saumu ya Gidamar, ile nyekundu, wakakishonea kishikio kinachomng'ang'ania bakteria wa wingu na si kitu kingine. Mgonjwa huvuta mnaso kama mvuke siku ya kwanza. Sehemu yake hukaa mapafuni, imemganda adui. Sehemu nyingine hupotea njia, ikaingia kwenye damu, na mwili huhitaji siku mbili kuisafisha. Siku ya tatu ndipo alini hutiwa kwa dripu. Inasafiri mwili mzima ikiwa usingizini, haigusi chochote, mpaka ikutane na mnaso mgongoni mwa bakteria. Alisini huzaliwa pale pale na kuua pale pale.

Na alini ikiingia mapema, kabla ya siku ya tatu, mnaso ukiwa bado unaelea kwenye damu, basi alisini huzaliwa kila mahali. Mkojo mweusi ule ulikuwa damu ya Boay, imeungua.

"Umekula nini?" aliuliza.

"Uji."

"Wa hapa?"

"Uji ni uji, mama Basila."

"Boay."

Mumewe aligeuza uso kwenye ukuta. Weupe wa macho yake ulikuwa umeshaanza kuwa wa manjano. "Usimgombeze mama," alisema. "Katembea kutoka nyumbani kwa miguu, na mvua yote ile."

* * *

Mama Boay alikuwa barazani, kwenye benchi la wageni, na bakuli tupu alilolifunga kwa kitambaa likiwa mapajani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika mguu wala mgongo. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, naye ndiye aliyelala ndani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ameamka?"

"Ameamka. Anakusalimu."

Veneranda alikaa kando yake. Mkaza mwana hamhoji mama mkwe kama askari, huzunguka kwanza. Akamuuliza njia ilikuwaje. Akamuuliza kama mbuzi wamezaa. Mama Boay alijibu yote kwa utaratibu wake, neno baada ya neno, na ndani damu ya Boay iliendelea kuungua wakati wanazungumzia mbuzi. Veneranda alijichukia kwa kila swali, lakini alijua kwamba akimrukia mama huyu kwa ukali atafunga mdomo, na akifunga mdomo hakuna wa kuufungua.

"Jana ulimletea uji, Mama."

"Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema kwa ubaya. Nataka kujua tu kilichokuwemo."

"Ulezi. Maziwa. Asali kidogo."

"Na saumu?"

Mama Boay alikaza fundo la kitambaa ambalo tayari lilikuwa limekazwa.

"Nakuomba, Mama. Kama ilikuwa mbichi niambie ni mbichi. Sitakasirika. Wallahi nitafurahi."

"Mbichi!" Mama Boay aligeuka mzima mzima, uso umewaka. "Mimi nina masikio, Veneranda. Nilikusikia kwenye kipaza sauti, sauti yako kabisa, ukasema saumu mbichi ni marufuku kwa mgonjwa. Nikasema sawa, mkwe wangu kasoma, anajua. Nikachukua vichwa vinne vya ile nyekundu, vizima, na maganda yake, nikavivumbika kwenye majivu ya moto, polepole, mpaka vikawa laini kama samli. Hata ukali haukubaki. Mlinzi wako alinusa bakuli zima akaniambia pita, Mama. Niende na uji mtupu kwa mtoto anayeumwa kifua? Watu wangenionaje?"

Kemia yake ilikuwa wazi kwa Veneranda. Ingekuwa mbichi imepondwa, alini yote ingekuwa imeshageuka na kuishia kwenye bakuli. Boay angepata kiungulia na mdomo wa kunuka, basi. Lakini moto wa majivu huua kimeng'enya na kuiacha alini nzima, imelala kwenye punje laini, tamu, isiyonuka. Mama huyu, kwa utiifu wake wote, alikuwa amempikia mwanawe dripu ya siku ya tatu na kumlisha siku ya kwanza jioni.

Na tangazo lile! Veneranda alikuwa ameandika "saumu ya aina yoyote". Aliandika kwa herufi kubwa. Ushirika wa wakulima ukamwita kikaoni, mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba wanunuzi wa mjini wakisikia saumu ya Gidamar inakatazwa hospitalini, bonde zima litalala njaa. Kwamba Ushirika ndio ulioezeka paa la zahanati. Kwamba mtu mwenye akili zake atajua tu. Si inatosha kusema mbichi, ile kali? Alibisha kidogo. Alikuwa amechoka, alikuwa na wagonjwa wanamsubiri, na akajiambia kwamba siku hizi hakuna anayevumbika saumu, hayo ni mambo ya bibi zetu. Akakubali. Akasoma mwenyewe kwa sauti yake.

"Nimekosea?" Mama Boay aliuliza. Hasira ilikuwa imemtoka, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hapana, Mama. Ulifanya nilivyosema."

Aliinuka. Alitaka kukimbia, akajizuia mpaka alipofika kwenye kona.

* * *

Muuguzi Melkiadi alikuwa ameshaweka kila kitu tayari. Alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye kuimba kwaya, na leo alikuwa kimya. Skrini juu ya kitanda ilionyesha mistari miwili. Wa bluu ulikuwa bakteria wa wingu mapafuni mwa Boay, na ulikuwa ukishuka. Mwekundu ulikuwa wingi wa damu yake, nao ulikuwa ukishuka vilevile, ila kwa kasi zaidi.

"Inafanya kazi," Melkiadi alisema. "Sehemu ya alini imefika kwenye mapafu. Inawaua."

"Inamuua na yeye."

"Damu tuliyokuwa nayo kwenye friji ni chupa mbili. Nimeitundika ya kwanza. Nimeomba nyingine mjini, lakini mvua hii droni haziruki."

Juu ya meza ndogo kulikuwa na mfuko wa maji ya rangi ya maziwa. Kizimio. Kilikuwa kimejaa vitu vya kiberiti, yaani salfa, ambavyo alisini huvipenda kuliko kitu chochote. Ukikifungua kwenye mshipa, alisini yote huking'ang'ania na kufa, na mnaso nao huharibika wote, ule wa kwenye damu na ule wa mapafuni. Mgonjwa huacha kuungua papo hapo. Na hapo tiba imekwisha, kwa sababu mnaso hautolewi mara mbili. Mwili unaukumbuka. Waliojaribiwa mara ya pili walivimba koo na kufa kabla mvuke haujaisha kwenye kikombe.

"Tufungue?" Melkiadi aliuliza.

"Msifungue," Boay alisema.

Walidhani amelala. Macho yake yalikuwa wazi, ya manjano kabisa sasa, yamemkazia mkewe.

"Nimesikia yote. Mwanitibu au mwanijadili?" Alijaribu kutabasamu. "Hiyo ya maziwa ikiingia, napona?"

"Hufi leo," Veneranda alisema.

"Sikukuuliza leo."

Alimjibu ukweli, maana hawakuwahi kudanganyana katika mambo makubwa. "Huponi. Wingu linabaki. Litakua tena."

"Na wenye wingu lisilopona wanapelekwa wapi?"

Alijua. Bonde lote lilijua. Waliposimama uwanjani waliweza kuiona Kambi ya Juu, mabati yake yanang'aa kwenye ukingo wa mlima, na waya uliozunguka. Baba yake Boay alipandishwa huko Boay akiwa mtoto wa shule. Kila Jumapili walisimama upande wa huku wa waya, mbali, wakapiga kelele habari za nyumbani, na baba akapiga kelele kujibu. Mwanzoni walimsikia vizuri. Baadaye ilibidi mmoja anyamazishe wengine ndipo wasikie. Mwisho baba alikuwa akipunga mkono tu, kisha ikaja Jumapili ambayo hakutoka.

"Sitamfanyia Basila hivyo," Boay alisema. "Ana miaka sita, Vene. Hajui hata kupiga kelele za kufika mbali. Heri anizike, alie, akue. Acha iungue. Si mmesema inawaua? Huenda wakafa wao kwanza."

"Na wasipokufa wao kwanza?"

"Basi nimekufa mimi, kwa mkono wa mama yangu, kwa upendo. Kuna vifo vibaya zaidi." Alikohoa, akashika ukingo wa kitanda. "Niapie hutanizima."

"Usinifanyie hivi."

"Niapie."

Moyo wake ulikuwa ukienda mbio mno; mashine ilikuwa ikilia. Veneranda aliona kwamba ubishi ule peke yake ungeweza kummaliza. Ndivyo alivyojiambia baadaye, kwamba aliapa ili atulie. Lakini wakati ule aliapa kwa sababu alimwamini, na kwa sababu mstari wa bluu ulikuwa ukishuka kweli, na alitaka apone, alitaka kwa nguvu zake zote asimame dirishani mwenyewe apige vigelegele.

"Naapa," alisema.

Melkiadi alitazama pembeni. Wakiwa wawili kwenye korido alimnong'oneza, "Dada, mimi siwezi kushika hicho kiapo. Wewe ndiye mkemia na wewe ndiye mke. Ukiniambia fungua, nafungua. Ukiniambia acha, naacha. Lakini usiniambie niamue."

* * *

Wakangoja. Hakuna kazi mbaya kama kungoja ukiwa umeshika dawa mkononi.

Damu ya chupa ya kwanza iliisha, Melkiadi akatundika ya pili. Kwa muda mwekundu ulipanda kidogo, na Veneranda akajikuta anahesabu matumaini kama mjinga: damu ngeni inakunywa sehemu ya alisini, alini ya uji haiwezi kuwa na mwisho mrefu, mnaso unapungua kila dakika. Huenda ikatosha. Aliyafanya mahesabu hayo kichwani, akayarudia, na kila mara yalimpa jibu lile lile, kwamba hajui. Hakuna aliyewahi kumlisha mgonjwa vichwa vinne vya saumu nyekundu ya kuvumbika ili watu wapate kujua.

Mstari wa bluu ulishuka chini ya nusu. Ukashuka chini ya robo.

"Haya, haya," Melkiadi alikuwa akisema kwa pumzi, kama mtu anayeangalia mpira.

Boay alianza kuweweseka. Alizungumza na ng'ombe walioshauzwa. Alimwambia Basila afunge geti. Halafu akatulia, na utulivu ule ulikuwa mbaya zaidi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya udongo. Veneranda alimpigapiga shavuni, akamwita kwa jina, akamwita baba Basila, akamwita kwa jina la utani la siku za uchumba ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na hakumjali Melkiadi kama anasikia. Boay hakufungua macho. Chupa ya pili ilikuwa inamalizikia. Mstari mwekundu uligusa alama ya hatari, ukakaa hapo kidogo, ukaipita.

"Dada," Melkiadi alisema.

"Naona."

"Wa bluu umebaki kidogo sana."

"Naona, Melkiadi!"

Ulikuwa umebaki kidogo sana kweli. Upana wa uzi. Huenda dakika kumi. Huenda tano. Na moyo wa Boay ulikuwa ukiruka pigo moja, ukapiga mawili, ukaruka tena. Alimwona Basila kwenye waya. Alimwona Basila kaburini. Alimsikia mumewe akisema niapie, na akajisikia mwenyewe akiapa, na mkono wake ukawa tayari uko kwenye mfuko wa maziwa bila yeye kuuagiza. Alitaka mtu amzuie. Alitaka mtu amwambie fungua. Hakukuwa na mtu wa kumwambia lolote, na moyo wa Boay ukaruka mapigo mawili mfululizo.

Alifungua.

Kizimio kiliingia kwa kimya. Mashine iliacha kulia. Mwekundu ulisimama hapo hapo ulipokuwa, ukatetemeka, ukasimama kabisa. Na wa bluu nao ukasimama, upana wa uzi juu ya sifuri. Veneranda aliukazia macho akiuomba ushuke. Alikuwa mkemia, alijua hauwezi tena kushuka, na bado aliuomba. Kisha, wakiwa wanautazama, ukainua kichwa.

Alikaa sakafuni akalia kwa sauti, ndani ya barakoa, na Melkiadi akamwacha alie.

Boay alizinduka saa za alasiri. Alimeza mate mara kadhaa kabla ya kupata sauti.

"Umenizima?"

"Nimekuzima."

"Walikuwa wamebaki wengi?"

Hapo angeweza kusema uongo. Neno moja, wengi, na mtu huyu angelala kwa amani. Alifungua mdomo ili aliseme.

"Wachache," alisema. "Wachache sana, Boay. Moyo wako ulikuwa unasimama. Niliogopa."

Mumewe alimtazama. Hakumtukana, hakulia. Aligeukia ukuta, na Veneranda alipomshika bega hakulisogeza wala hakulitikisa. Aliliacha pale kama la mtu mwingine.

* * *

Mama Boay hakuwa ameondoka barazani. Mvua ilikuwa imekatika, na watu waliotoka sokoni walipita na magunia matupu wakimpa pole, naye akawaitikia. Alipomwona Veneranda alisogea ili ampe nafasi kwenye benchi.

"Yule kijana mnene ameniambia kazinduka."

"Kazinduka, Mama."

"Mungu mkubwa." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akavuta pumzi, na mara akawa mtu wa shughuli tena. "Sasa niambie mapema, nisije nikakosea. Kesho namletea nini? Mbichi najua hapana. Na ya kuvumbika je? Kama nayo hairuhusiwi niambie tu, mwanangu, sitaona vibaya. Nitamletea maziwa matupu."

Veneranda alitazama mikono yake. Ilinuka kiberiti cha kizimio.

"Anaweza kula chochote, Mama."

"Chochote? Hata saumu?"

"Hata saumu. Mbichi, ya kuvumbika, unavyotaka wewe."

Uso wa mama mkwe ulifunguka. Alianza kuinuka, mkono mmoja kwenye benchi, tayari akihesabu kuku gani wa kuchinja na nani atamwazima sufuria kubwa. Kisha akasimama katikati ya kuinuka. Akabaki hivyo, ameinama, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa mbali. Akarudi kukaa.

"Siku walipompandisha baba yake kule," alisema, "nilimuuliza daktari swali hili hili. Nimletee chakula gani. Akaniambia, mama, mletee chochote."

Aliliweka lile bakuli mapajani.

"Wakati wanamtibu walikuwa wananikataza kila kitu. Chumvi, mafuta, kila kitu. Nikachoka. Halafu siku hiyo hawakunikataza." Alimgeukia mke wa mwanawe. "Anapanda lini?"

"Keshokutwa."

"Ni ile ya kwenye majivu?"

Kulikuwa na majibu mengi ya huruma. Veneranda aliyaona yote yamepangwa mbele yake, na akajua kwamba mama huyu atayapokea moja moja kwa heshima na hataamini hata moja.

"Ni ile ya kwenye majivu," alisema. "Lakini kosa si lako, Mama. Sumu haikuwa kwenye mbichi tu, ilikuwa kwenye zote, na ya kuvumbika ndiyo mbaya zaidi. Mimi nilijua. Niliandika saumu yoyote, Ushirika wakanibembeleza niandike mbichi, nikaandika, nikasoma. Wewe ulinisikiliza. Nichukie mimi. Nipige ukitaka, hapa hapa, watu wakiona."

Mama Boay hakumpiga. Alilifungua lile fundo la kitambaa polepole, akalitoa bakuli, akalitazama ndani. Lilikuwa safi. Lilikuwa limekombwa.

"Alibakiza," alisema. "Alisema ameshiba, nikaona bado nusu. Nikamkalia pale pale kitandani, nikamlisha kwa kijiko kama mtoto, nikamwambia hatoki mtu humu mpaka umalize."